Zimwi Likujualo: Hofu na Mvuto wa Kutisha katika Fasihi na Filamu, kwa Mfano wa Ziwani, Nairobi

Utangulizi

Kwa nini mtu alipe pesa ili atishwe? Mwanafunzi wa Eastlands hutembea haraka uchochoroni giza likianza kuingia, moyo ukimdunda, kwa kuogopa kuporwa simu. Akishafika nyumbani na kufunga mlango, huwasha televisheni na kutafuta filamu ya majini. Hofu ya kwanza huikimbia, ya pili huifuata kwa hiari yake. Jambo hili linastahili kuelezwa, na mwalimu wa fasihi ndiye anayetarajiwa kulieleza kuliko mtu mwingine yeyote shuleni.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Badala ya kuanza na nadharia, tutauchukua mtaa mmoja na majirani zake, tuone ni hofu gani zilizopita humo, zilivyogeuka kuwa hadithi, na jinsi waandishi na watengenezaji filamu wa Kiswahili walivyozitumia. Mtaa wenyewe ni Ziwani. Ulijengwa na baraza la mji wa Nairobi katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Umepakana na Kariokor na Starehe, na Pumwani haiko mbali. Kariokor yapo makaburi ya Waislamu, na pia tanuri la Wahindu la kuchomea maiti, mahali ulipochomwa mwili wa Profesa Wangari Maathai mnamo Oktoba 2011. Kwa hiyo mtoto wa Ziwani hukua akiwa jirani wa wafu. Hata hivyo, kama tutakavyoona, hofu kubwa zilizoingia mtaani humu hazikutoka makaburini.

Istilahi

Ni vyema msomaji atofautishe maneno manne ambayo watahiniwa wengi huyachanganya. Hofu ni hisia ya kutazamia madhara. Kitisho ni kile kinachoileta hofu hiyo: zimwi, sauti, kivuli, mtu mwenye sare. Kinyaa ni kuchukizwa na kitu kilichooza au kilichoharibika, na mwili ndio unaokikataa kabla ya akili. Taharuki ni hali ya kutaka kujua litakalofuata. Taharuki yaweza kuwepo bila hofu, kwa mfano katika hadithi ya mapenzi, lakini ni vigumu hadithi ya kutisha kufaulu bila taharuki.

Mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe, katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alitenganisha kitisho kinachodokezwa na kile kinachoonyeshwa waziwazi. Cha kwanza, alidai, huipanua nafsi, na cha pili huigandisha. Msimulizi wa Kiafrika alilijua jambo hili kwa vitendo. Bibi anayesimulia hasemi zimwi linafananaje mwanzoni. Husema tu kwamba mgeni aliyekuja kuposa hakutaka kugeuza kisogo chake.

Zimwi katika fasihi simulizi

Hadithi za mazimwi ni miongoni mwa hadithi zinazotahiniwa katika fasihi simulizi. Sifa zake zinajulikana: zimwi ni nusu mtu nusu mnyama, lina ulafi wa nyama ya watu, lina jicho au mdomo wa ziada kisogoni, na mwishowe hushindwa, mara nyingi na mtoto au mtu mnyonge. Mwanafalsafa Mmarekani Noël Carroll, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya kutisha, alieleza kwamba jitu la kutisha huvutia kwa sababu linavunja mipaka ya makundi tuliyozoea. Si hai wala si maiti, si mtu wala si mnyama. Kwa kuwa haliwezekani, tunatamani kulijua. Zimwi letu limetimiza sharti hilo tangu kale.

Hapa pana jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Hadithi ya zimwi ina milango miwili. Wa kuingilia ni fomyula ya mwanzo, pale fanani anapoita na hadhira kuitikia, na wa kutokea ni fomyula ya mwisho, pale fanani anapotangaza kuwa hadithi imeishia hapo. Kati ya milango hiyo zimwi laweza kumla yeyote. Nje yake, hakuna anayelitafuta kwa panga. Mtoto anayesikiliza amefundishwa, bila kuelezwa, kwamba hofu hii ina mwisho. Tuukumbuke mlango huu wa kutokea, kwani hoja nzima ya makala haya inauegemea.

Mumiani na wazimamoto

Sasa tuje mjini. Neno mumiani ni la kale katika Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama gundi, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi na kutumiwa kutibu maumivu na mifupa iliyovunjika. Kamusi hiyo hiyo inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka, watu wa mji hawakutoka nje baada ya jua kutua. Tusidhani ushirikina huu ni wa Waafrika peke yao. Neno lenyewe ni ndugu wa lile ambalo Wazungu hulitumia kwa maiti zilizokaushwa za Misri, na Ulaya kwa karne kadhaa iliuza unga wa maiti hizo kama dawa. Aidha, Bram Stoker alichapisha Dracula, riwaya ya mfu anyonyaye damu, mwaka 1897, miaka miwili tu kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuitwa Nairobi.

Katika miji ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni, mumiani alivaa sare. Mwanahistoria Luise White, aliyewahoji wakazi wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970 na baadaye kuandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2000, alisimuliwa kwamba wazimamoto walikuwa wakikamata watu usiku, kuwatia mashimoni na kuwanyonya damu. Uvumi kama huo ulienea mbali: Wakongomani walikuwa na batumbula, na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilikuwa na banyama. Mjini Mombasa mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa mawe.

Kwa nini wazimamoto? White hasemi kuwa damu ilinyonywa kweli. Anachodai ni kwamba mwanahistoria asiutupe uvumi kwa kuwa ni uongo, kwani unaonyesha jinsi watu walivyoyaelewa maisha yao. Nasi tufikirie. Hapa pana watu wenye sare ambao siku nyingi hawaonekani wakifanya kazi yoyote, wenye gari la peke yake, wanaotoka kwa kishindo usiku. Jirani ya hapo ni Kariokor, mtaa ambao jina lake ni matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi waliochukuliwa Kenya na kufa katika vita hivyo walizidi 40,000 kwa hesabu rasmi. Waliondoka na hawakurudi. Katika mji ambao jina la mtaa mmoja lilikuwa ukumbusho wa watu waliochukuliwa na serikali, haikuwa ajabu watu kusema kwamba serikali inanyonya damu. Mtahiniwa anayejua jazanda ataona kwamba neno kunyonya limefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Katika siasa ya Kiswahili, mnyonyaji ni mwajiri anayekula jasho la mwingine. Mumiani ni jazanda hiyo hiyo ikichukuliwa kwa maana yake halisi.

Mtu wa gunia

Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha operesheni ya Anvil. Askari wapatao 25,000 waliizingira Nairobi, wakaipekua mitaa ya Waafrika ya Eastlands kusaka wafuasi wa Mau Mau, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini. Katika ukaguzi wa wakati huo alitumiwa mtu aliyefunikwa gunia kichwa kizima, akaachiwa matundu ya macho tu. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Alipotikisa kichwa, mtu alitengwa na wenzake. Wagikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia.

Msomaji, umtazame mtu huyo kwa jicho la mhakiki. Hana uso. Hasemi. Anakujua, wewe humjui. Huenda ni jirani yako. Ni mtunzi gani wa filamu za kutisha angeweza kubuni kitisho kikali zaidi? Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gakunia alikuwa zimwi likujualo, lakini methali haikumfaa, kwa sababu kukujua kwake ndiko kulikokuangamiza. Hii ndiyo sababu nimetangulia kusema kuwa hofu kubwa za mitaa hii hazikutoka makaburini.

Hofu katika maandishi

Waandishi wa Kiswahili wameitumia hofu kwa njia zisizopungua tatu, na mtahiniwa anaweza kuzitumia kama vigezo vya kulinganishia kazi.

Njia ya kwanza ni kukifumbua kitisho. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anatupeleka mzimuni ambapo maiti inakutwa. Watu wanaogopa mizimu. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anaonyesha kwamba muuaji ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Katika Kisima cha Giningi (1968) mwandishi huyo huyo analichezea jina la Giningi, nchi ya wachawi katika imani za Wazanzibari. Msomaji hupewa raha mbili: ya kuogopa, kisha ya kuelewa.

Njia ya pili ni kukifanya kitisho kiwe fumbo la maadili au siasa. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, anatuonyesha mtu mwema anayelazimika kuwachapa nyani wawili kila usiku, na nyani hao ni ndugu zake waliomdhuru. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Mashetani (1971), ambamo shetani wa chini ya mbuyu anasimamia mkoloni na urithi aliouacha. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anamleta babu kutoka kaburini aje amsumbue K, mjukuu aliyenona kwa ufisadi. Mfu hapa haji kunyonya damu. Anakuja kumwonyesha mjukuu kwamba mnyonyaji ni yeye.

Njia ya tatu ni kukiacha kitisho kama kilivyo, bila jini wala mfu. Kithaka wa Mberia, katika Kifo Kisimani (2001), anatuonyesha mateso anayopata Mwelusi mikononi mwa watu wa Mtemi Bokono. Hakuna muujiza wowote, ila hofu ni kubwa kuliko ya jini. Walioishi nyakati za gakunia wangeielewa mara moja.

Kutoka ukumbini hadi kibandani

Filamu zilifika Eastlands kwa njia kadhaa: maonyesho ya wazi ya serikali, kumbi za sinema za jirani kama Shan ya Ngara, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa Sarakasi Dome, kisha vibanda vya video na hatimaye simu za mkononi. Kibanda cha video kilileta jambo ambalo fasihi simulizi ililijua tayari. Msimulizi kama DJ Afro alichukua filamu ya kigeni, akaweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akawapa wahusika majina ya nyumbani na kuitania hofu yao. Fanani alirudi. Mtazamaji aliyekuwa peke yake mbele ya skrini alipata tena mtu wa kumshika mkono.

Tanzania nako, katika muongo wa kwanza wa karne hii, mtengenezaji filamu Mussa Banzi alitoa filamu za kutisha za Kiswahili kama Nsyuka na Shumileta. Wahakiki wengine walizidharau kwa sababu ya ufundi wake hafifu. Hata hivyo watazamaji walizipenda, kwani majini na wafu wake wanazungumza Kiswahili na wanaingia katika nyumba zinazofanana na zetu. Filamu ya Hollywood hutisha kwa nyumba kubwa ya upweke iliyo msituni. Mkazi wa Ziwani, anayesikia jirani akikohoa ukutani, hana nyumba ya namna hiyo. Kwake kitisho ni mgeni anayependeza mno: mwanamke mrembo ambaye, ukimtazama miguuni, ana kwato. Hadithi hiyo ya kwato imezunguka katika shule zetu kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kila anayeisimulia ana binamu aliyeshuhudia.

Kwa nini tunavutiwa?

Tukiyakusanya haya yote, tunapata majibu manne. Kwanza, hofu ya sanaa ina mipaka. Tunaonja hatari tukiwa tumeketi. Aristotle aliposema kuwa tanzia huamsha huruma na hofu kisha ikazitakasa hisia hizo, alikuwa akieleza jambo lililo karibu na hili. Pili, kitisho hukipa uso kitu kisichokuwa na uso. Njaa, kodi, kukamatwa na kufukuzwa nyumbani ni mambo makubwa yasiyoonekana kwa macho, lakini mumiani anaonekana, na anayeonekana anaweza kukimbiwa. Tatu, upo udadisi ambao Carroll aliutaja. Nne, ni raha ya kuogopa pamoja. Watoto wakisimuliana habari za kwato usiku, husogeleana, na kusogeleana huko ni sehemu ya hadithi.

Mlango wa kutokea unapokosekana

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani ninausifu uvumi wa mumiani kama sanaa. Sivyo. Kati ya hadithi na uvumi ipo tofauti inayoweza kuua. Hadithi ina fomyula ya mwisho, uvumi hauna. Hadithi humweka zimwi mahali pasipojulikana, uvumi humpa jina, nguo na anwani.

Mifano si ya kubuni. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi nchini Tanzania tangu kurejeshwa kwa mfumo huo, hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na mgonjwa mmoja wa akili aliuawa na umati akidhaniwa ndiye Popobawa. Mwezi Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa huko Kisii kwa madai ya uchawi. Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji wa Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kwa kazi ya utafiti wa udongo. Mwaka uliofuata, uvumi kama huo kusini mwa Malawi ulisababisha mauaji, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Kenya nayo iliwahi kuipa hofu ya namna hii muhuri wa serikali. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Tume ilisema ibada hiyo ipo, hata katika taasisi za elimu. Yanapofika hapo, mwanafunzi mpweke au mwenye tabia tofauti yumo hatarini, kwa sababu wenzake wanatafuta uso wa kulibandika zimwi. Wahenga walituonya kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka si kosa. Kosa ni kuuchoma ung'ongo, hasa ung'ongo huo ukiwa ni bibi kizee.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Basi tusiwakataze wanafunzi hadithi za kutisha, wala tusiwacheke wanapozisimulia. Kuzikataza ni kuzisukuma bwenini, mahali ambapo hazina fanani mzima wa kuzifunga. Kazi yetu ni kuwafundisha kuutambua mlango wa kutokea. Mwanafunzi akileta habari ya kwato au ya mumiani darasani, mwalimu amwongoze kwa maswali manne ya uhakiki: Nani anasimulia, na aliyaona au alisikia? Kitisho hiki kinasimamia hofu gani halisi? Nani anafaidika watu wakiogopa? Nani atadhurika tukiamini? Maswali haya haya yanafaa riwaya, tamthilia na filamu. Mwanafunzi anayeweza kuyauliza kuhusu Bokono anaweza kuyauliza kuhusu ujumbe uliotumwa kwenye simu yake usiku wa manane.

Kwa mtahiniwa, tahadhari moja. Ukiulizwa kuhusu taharuki, usiandike kwamba mwandishi anatisha. Eleza ni habari gani amezificha, amezificha kwa muda gani, na anapozifichua dhamira gani inajitokeza.

Maswali ya zoezi

1. Linganisha mhusika wa kutisha katika hadithi yoyote ya mazimwi na mtawala dhalimu katika tamthilia uliyoisoma. (Alama 20)

2. "Fomyula ya mwisho katika hadithi si pambo." Jadili kauli hii ukirejelea tofauti kati ya hadithi na uvumi. (Alama 20)

3. Kusanya uvumi mmoja wa kutisha unaosimuliwa katika mtaa wako. Eleza ulivyoanza, mabadiliko uliyopata kwa kila msimulizi, na hofu halisi iliyomo ndani yake. Usitaje jina la mtu yeyote anayetuhumiwa. (Alama 10)